Ahadi ya Nne

Kila asubuhi, kabla ya basi la kampuni kuja kunichukua, niliamshwa na mwanamke wa Sri Lanka akiahidi mambo matano mbele ya friji. Juu ya friji ndipo ilipokuwa rafu yake: picha ya Budha, glasi ya maji, na maua aliyookota kwenye bustani ya chini. Aliahidi kwa lugha ya kale ambayo hata yeye hakuwa akiizungumza na mtu. Hataua. Hatachukua asichopewa. Hatazini. Hatasema uongo. Hatalewa. Haukupita muda mrefu nikawa nimezikariri bila kutaka, kama mtu anavyokariri tangazo la redio, na nilijua ya nne imefika kwa sababu hapo ndipo alipovuta pumzi.

Tulimwita Akka, yaani dada mkubwa kwa lugha ya kwao. Alikuwa amelea watoto wa watu Dubai tangu nywele zake zikiwa nyeusi, na sasa alifanya usafi kwenye kliniki ya meno. Nyumba ilikuwa ya chumba kimoja, mtaa wa Discovery Gardens, na mkataba ulikuwa kwa jina la mwanamke wa Kichina aliyeuza taa kwenye soko la Wachina kule International City. Huyo tulimwita Jie, nalo pia ni dada mkubwa. Mimi nilikuwa mlinzi kwenye jengo moja la Jumeirah Village Circle, Mkenya wa kutoka Vihiga, Mkristo, na mdomo wangu haukuwa na breki. Tulizungumza Kiingereza cha Dubai, kile cha yalla na khalas, nami hapa nakiandika kwa Kiswahili.

Mkataba uliruhusu watu watatu. Tulikuwa wanne.

Wa nne alikuwa mwanamke kijana wa Nepal. Jie alimkuta nyuma ya soko lao, amejikunyata kwenye maboksi, miguuni ana kandambili za ndani ya nyumba. Alikuwa ametoroka kwa mwajiri wake, na kwenye mkono alikuwa na alama ya kuchomwa kwa pasi, ncha yake imechoreka vizuri kabisa. Kafeel, yaani yule mwajiri aliyeshika viza yake, alikuwa ameshamripoti kuwa mtoro. Hakuogopa sana kufungwa wala kurudishwa kwao akipatikana. Aliogopa kwamba askari watampigia simu kafeel, na kafeel atakuja na gari, na atarudi kwenye nyumba ile. Akka alimpa jina la Bahini, yaani dada mdogo kwa lugha ya Nepal, akampa na nusu ya godoro lake.

Sikumtaka, nasema wazi. Nilimwambia Jie kwamba kazi yangu ni kuzuia watu wasioruhusiwa kuingia kwenye jengo, halafu jioni narudi kulala na mmoja. Mtoto wa dada yangu alikuwa mfanyakazi wa ndani Sharjah wakati huohuo. Madam wake alimruhusu kushika simu Ijumaa tu, na mtoto hakulalamika hata siku moja. Nilimtolea mfano huo Bahini mbele ya wote. Nilimwambia mkataba ni kitu cha kuvumilia, unaisha. Akaniangalia, akaendelea kukunja nguo zangu.

Kilichonitisha zaidi ni picha aliyoibandika upande wa kichwa chake. Nilitegemea Budha mwingine, yule mtulivu. Hii ilikuwa sura ya bluu yenye meno ya kutoka nje, macho matatu, moto nyuma ya kichwa, na mafuvu yamepangwa kama shanga. Nilipoamka kwenda kazini ndiyo niliyokutana nayo kwanza.

"Huyu ndiye unayemwomba?" nilimuuliza.

"Ni mlinzi, kama wewe didi," alisema, maana kwake mimi pia nilikuwa dada. "Amekasirika kwa ajili yangu. Hajanikasirikia mimi."

Hayo hayakunisaidia. Jie naye alikuwa na rafu yake karibu na dirisha, mwanamke mweupe wa kauri anayemwaga maji kutoka kwenye chupa, na kila jioni alihesabu shanga huku akiita jina moja tu, jina la Budha wa magharibi ambaye, alisema, huwapokea wote wanaomwita. Rafu tatu kwenye chumba kimoja, na hazikufanana hata kidogo. Juu ya hayo, majengo yetu yenyewe yaliitwa Zen. Kibao kilikuwa pale nje, karibu na mawe meupe na vijiti vya mianzi vilivyokauka. Jie alinieleza kwamba Zen nayo ni njia ya Wabudha, imetoka India ikapita kwao China ikafika Japani, na watu wake hukaa wakitazama ukuta mpaka akili itulie. Nikamwambia sisi tunautazama ukuta kila siku na bado tunagombana juu ya zamu ya choo.

Ijumaa moja nilimuuliza Akka habari ya rafu hizo moja kwa moja. Alikuwa anakata vitunguu. Nilimwambia nyinyi watatu ni Wabudha, mbona kila mtu ana wake?

"Kwa sababu ya mtu mmoja aliyesahau kuuliza," alisema.

Akanisimulia bila kuacha kukata. Budha alipokuwa anakaribia kufa, alimwambia mtumishi wake kwamba watawa, wakitaka, wanaweza kuziacha zile kanuni ndogondogo. Mtumishi alikuwa na majonzi, hakuuliza ni zipi. Budha akafa. Wazee wakakusanyika pangoni msimu wa mvua ili wayasome mafundisho kwa pamoja yasipotee, na yule mtumishi, aliyekuwa na kumbukumbu kuliko wote, akayatoa neno kwa neno. Kisha akawaambia habari ya kanuni ndogo. Wakamuuliza zipi. Hakujua. Mmoja akasema hii ni ndogo, mwingine akasema hiyo si ndogo. Mwisho wazee wakaamua, kwa kuwa hatujui, tunazishika zote.

"Na sisi wa Sri Lanka ndio watoto wa wale wazee," alisema. "Tunazishika zote."

Lakini haikuisha hapo. Baada ya muda mrefu kukawa na watawa wa mji mmoja waliokuwa wakibeba chumvi kwenye pembe, ili wakipewa chakula kisicho na ladha watie. Wengine wakasema mtawa haweki akiba, hata ya chumvi. Kukawa na habari ya kupokea dhahabu, na ya kula baada ya jua kupita katikati. Wakakaa kikao, wakagombana, na kadiri miaka ilivyokwenda wakagawanyika, wazee upande mmoja na kundi kubwa upande wa pili. Baadaye sana wakatokea waliosema lengo si mtu kujiokoa peke yake, ni kuwaokoa viumbe wote, na hao wakajiita gari kubwa. Gari hilo ndilo lililokwenda China, kwa kina Jie. Tawi lake jingine likapanda milima ya Tibet na kushuka Nepal, likachukua njiani mizimu na sura za moto na maneno ya siri, na huko ndiko kwa Bahini.

Nilicheka kwa sababu niliijua habari hiyo. Kanisa la mama yangu liligawanyika mara mbili, ya kwanza kwa ajili ya ngoma na ya pili kwa ajili ya ufunguo wa stoo. Akka hakucheka.

"Uongo ni kanuni ndogo?" Jie aliuliza kutoka kitandani kwake. Hakuuliza kwa utani.

"Uongo si mdogo," alisema Akka.

"Wakaguzi wakija wakikuuliza kama tuko watatu, utasema nini?"

Akka akafuta kisu kwa kitambaa. "Msiache waniulize," alisema.

Bahini alikuwa anasugua sinki na alisikia yote. Mkono wake ulisimama kidogo kwenye bomba, kisha ukaendelea.

Tangu siku hiyo chumba kikawa kizito. Ilikuwa miezi ya joto, unyevu umeganda kwenye kioo mpaka huoni jengo la pili, na mtu akipita kwenye korido tulinyamaza wote. Kwenye habari walikuwa wakisema kuhusu ukaguzi wa nyumba zilizojaa watu kupita kiasi. Kwenye mtaa wa Al Nahda walikuwa wametoa watu nje na magodoro yao. Jie alitufundisha la kusema kama mwalimu wa chekechea: tuko watatu, nguo za ziada ni za binamu yake, godoro ni la mgeni aliyekwisha kuondoka. Mimi nililisema vizuri. Sisi walinzi tunadanganywa kila siku, tunajua uongo mzuri unavyosikika. Akka alikuwa akitoka nje tukifanya mazoezi hayo. Alisimama kwenye korido na begi lake mpaka tumalize.

Jie alijaribu kumweleza kwa upole. Alisema kwao neno linapimwa kwa kule linakompeleka mtu. Daktari humwambia mtoto sindano haiumi, na hakuna anayemwita mwongo. Alisema kwao yuko mmoja mkuu aliyeapa hataingia kwenye uhuru wake mpaka jehanamu iwe tupu, yaani yuko tayari kushuka humo mwenyewe kwa ajili ya wengine.

"Hiyo ni njia nzuri," Akka alijibu. "Sikufundishwa hiyo."

Nilimkasirikia sana. Nilimwona mtu anayelinda roho yake safi kama sahani ya wageni, huku msichana anayelala ubavuni mwake akitetemeka. Na mimi huyohuyo ndiye niliyetaka afukuzwe. Sijui nilihamia upande wa Bahini siku gani. Labda ni ile siku niliporudi na homa, akakaa sakafuni akinibadilishia kitambaa kichwani na kunong'ona maneno yake yale, na nikatazama juu nikaiona sura ya bluu na sikuogopa.

Mlinzi wa jengo letu alikuwa mtu wa Mombasa, mzee kidogo, mpole. Asubuhi moja alinisubiri karibu na lifti, akajifanya anapangusa kioo.

"Dada yangu, wale watu jana walikuwa jengo la nyuma. Leo sijui kama watafika huku. Mwajua wenyewe mlivyo humo ndani."

"Tuko watatu, kaka."

"Inshallah," alisema, na hakuniangalia.

Nilipiga simu kazini nikasema nina homa. Nilipanda juu nikakuta jambo ambalo nilikuwa nimelisahau kabisa: ilikuwa siku ya mwezi mpevu. Kwa watu wa Akka hiyo ni siku ya kushika ahadi nane badala ya tano. Alikuwa ameomba ruhusa kazini tangu zamani. Alikuwa amevaa nyeupe tupu, sketi ndefu na blauzi, nywele amezifunga, amekaa kwenye mkeka mbele ya friji yetu. Siku hiyo angekula kabla ya adhuhuri tu na asiguse chakula tena mpaka kesho. Nilimwomba aende kule kwenye nyumba ya Jumeirah ambako Wasri Lanka walikutana na watawa wao, akae huko mpaka jioni. Alikubali. Alikuwa anatafuta viatu vyake mlango ulipogongwa.

Bahini aliingia kwenye kabati la nguo kama tulivyokuwa tumepanga. Jie akasukuma godoro chini ya kitanda. Nikafungua.

Walikuwa wanaume wawili na mwanamke mmoja, wote na vitambulisho shingoni, na hawakuwa wakali. Hilo lilinitisha zaidi. Mkubwa wao alisalimu, akaomba mkataba, akatazama vitanda, akazitazama rafu tatu, akasimama kidogo mbele ya ile sura ya bluu. Jie akaanza habari ya binamu. Mimi nikadakia. Tukasema kwa haraka na kwa pamoja, tukakubaliana mno, na nilimwona yule bwana akiacha kutusikiliza. Nimefanya kazi ya mlangoni, naijua sura hiyo. Akainua mkono.

"Nyinyi ngojeni," alisema. Akageuka. "Mama. Wewe niambie. Kuna mtu mwingine anaishi humu?"

Akka alikuwa amesimama katikati ya chumba na kiatu kimoja mkononi. Alimtazama yule bwana, kisha akaitazama rafu yake. Maji yalikuwa kwenye glasi, maua yalikuwa bado mabichi. Nilimsikia akivuta pumzi, ileile ninayoijua ya kila asubuhi.

"Hakuna," alisema. "Ni sisi watatu."

Yule bwana aliinamisha kichwa. Aliamini mara moja, na aliamini kwa sababu ya nguo nyeupe. Yule mwanamke alikuwa ameshika mpini wa kabati, akauachia. Walipokuwa wanatoka, mkubwa wao alirudi hatua moja akamwambia Akka, kwa heshima kabisa, "Utuombee, mama."

Tulisubiri mpaka lifti ikafika chini. Bahini alitoka kabatini amelowa jasho, akaanguka miguuni pa Akka ili aiguse kwa paji la uso. Akka aliivuta miguu yake. Hakuwa na hasira. Alikwenda bafuni, akavua nguo nyeupe, akarudi na gauni lake la kazini. Alasiri akapima mchele akaupika. Saa ya kula ilikuwa imeshapita, na yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha kwamba siku hiyo mtu hali baada ya jua kupita katikati. Alipakua akala peke yake, amesimama karibu na jiko.

Jie hakuweza kunyamaza. Alilia, akamwambia alichofanya leo ni cha juu kuliko kushika kanuni zote, kwamba kwao mtu kama yeye wangemwinamia.

"Usinipe njia yako ili nilale vizuri," Akka alisema. "Nimesema uongo. Matunda yake ni yangu, nitayala mimi."

Aliamini hivyo kweli. Watu wa kwao huamini kila tendo hurudi kwa mwenyewe, kama si katika maisha haya basi katika yajayo, na hakuna wa kukubebea. Alikuwa ameshusha kitu juu ya kichwa chake mwenyewe, na alikuwa akikisubiri. Nilimwangalia akisuuza sahani nikaogopa kwa ajili yake. Sikuwahi kuogopa hivyo kwa ajili ya mtu wa dini nyingine.

Kesho yake alikaa mbele ya friji kama kawaida. Hataua. Hatachukua asichopewa. Hatazini. Nikasubiri ile pumzi. Haikuja. Kukawa kimya kirefu, mashine ya hewa ikinguruma, kisha akaahidi kwamba hatalewa, akainama, akainuka.

Ikawa hivyo kila siku. Mwishoni nilimfuata kwenye kituo cha basi nikamuuliza. Nilikuwa nimeshamsikia akisema kwamba kwao mtu akivunja ahadi anaichukua tena, ndiyo maana wanaahidi kila asubuhi. Mbona yeye haichukui?

"Kuichukua ni kusema sitarudia," alinijibu. "Na yule bwana akirudi leo akiniuliza, nitamjibu vilevile. Nikiahidi, nitakuwa nimedanganya hata pale mbele ya rafu. Hapo sitaki."

Basi likaja akapanda.

Serikali ilikuja kutangaza msamaha kwa watu wasio na karatasi, waondoke bila kufungwa wala kutozwa. Bahini alikwenda akiwa amebeba ile picha ya bluu ndani ya mkoba, akarudi na ruhusa ya kusafiri, na kafeel hakuitwa. Tulimsindikiza uwanja wa ndege. Akka alimpa zile nguo nyeupe, zimekunjwa, akamwambia awape watu wa kwao wenye kuzihitaji. Hakuwa amezivaa tena.

Asubuhi iliyofuata hakuna aliyekuwa amelala kati yetu, ingawa wote tulijifanya. Hataua, hatachukua, hatazini. Akavuta pumzi. Akaisema ya nne, pole pole, neno moja baada ya jingine, na sauti yake ikapasuka katikati. Jie alijifunika blanketi uso mzima. Mimi niliwahi basi nikiwa nimefurahi mpaka mwenzangu wa zamu aliniuliza kama nimeposwa.

Ijumaa ya wiki hiyo mtoto wa dada yangu hakupiga simu. Wala Ijumaa ya pili. Siku ya tatu baada ya hiyo nilipigiwa kwa namba nisiyoijua, na sauti ikaniambia, "Aunty, niko Al Nahda, karibu na msikiti. Nimetoka kule. Usiniulize."

Nilimkuta amekaa kwenye ukingo wa maua, amekonda, ana kandambili za ndani ya nyumba. Hakuwa na pasipoti wala simu. Msamaha ulikuwa umeshafungwa. Kwenye teksi sikumkumbusha habari ya mikataba. Nilifikiria mahali pengine pote pa kumpeleka, nikarudia tena na tena, na hapakuwa na pengine.

Akka ndiye aliyefungua mlango. Alimtazama mtoto usoni, macho yake yakashuka mpaka miguuni, yakabaki kwenye zile kandambili muda mrefu kuliko nilivyoweza kustahimili. Nilitaka kumwambia tutaondoka. Nilitaka kumwambia ni kwa siku chache tu, na nilijua si siku chache.

"Amekula?" aliuliza. Akasogeza godoro lake.

Asubuhi nilikuwa macho kabla yake. Nilimsikia akimwaga maji ya jana, akijaza mapya, akikaa kwenye mkeka. Hataua. Hatachukua asichopewa. Hatazini. Nilimshika mtoto wa dada yangu mkono chini ya blanketi nikaubana, naye hakujua kwa nini. Mashine ya hewa ilinguruma. Akka alikaa kimya, akakaa, kisha akaanza ya tano.